Mkanda haushiki mzigo: kufunga na kupanda shehena ya lori la bodi bapa

Muulize aliyezoea kufunga mizigo kwenye lori la bodi bapa, lile lisilo na kuta wala paa ambalo wengi huliita flatibedi, ni kitu gani kinachozuia shehena isiporomoke njiani. Ataelekeza kidole kwenye mkanda. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini ndilo chimbuko la makosa mengi. Mkanda uliorushwa juu ya mzigo na kukazwa kwa racheti, kile kifaa cha meno chenye mpini, unaukandamiza tu. Kinachoushika mzigo ni msuguano, yaani ukinzani ulioko kati ya kitako chake na sakafu ya bodi. Mkanda unauongezea msuguano huo nguvu, basi.

Nitalieleza hili kwa hesabu, kwa kuwa bila hesabu linasikika kama ubishi wa maneno. Na nitalirudia tutakapofika kwenye kupanda, kwa sababu msuguano huohuo ndio unaoamua kama soli ya kiatu chako itabaki pale ulipoikanyagisha ukiwa juu ya shehena.

Mzigo unataka kwenda wapi

Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mzigo nao uko kwenye kilomita 80 kwa saa. Dereva akikanyaga breki, zinazokamatwa ni tairi. Mzigo haujaambiwa kitu. Unaendelea na safari yake mpaka kitu kiuzuie. Kwenye kona ni hivyohivyo: lori linakata kushoto, mzigo unataka kunyooka, na aliye nyuma anauona ukilalia kulia.

Kiwango cha Ulaya cha EN 12195-1 na kanuni za Marekani vinakaribiana sana juu ya nguvu za kujiandaa nazo. Kuelekea mbele, ufungaji uhimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Kuelekea kando na nyuma, asilimia 50. Kwa hiyo mzigo wa tani 10 uliofungwa vizuri ni ule ambao ungeweza kuvutwa mbele kwa nguvu ya tani 8 na usisogee. Wengi hufunga wakifikiria kona na mashimo tu, wakati adui mkubwa yuko kwenye breki ya ghafla, na anayekaa mbele ya mzigo huo ni dereva.

Sasa tuchukue makasha ya mbao yenye jumla ya tani 10 juu ya sakafu ya mbao kavu, na msuguano tuukadirie kuwa 0.4, yaani ushikaji ni sehemu 0.4 ya uzito unaokandamiza. Uzito wenyewe unazaa ushikaji wa tani 4. Zinazotakiwa ni 8. Kuna pengo la tani 4, na hapo ndipo mkanda unapoitwa kazini.

Chukua mkanda wa kawaida wa upana wa milimita 50 usome lebo yake. Mkanda wa poliesta una lebo ya buluu, na juu yake kuna namba mbili zinazochanganya watu. Ya kwanza, inayofuata herufi LC, mara nyingi ni 2,500 daN. Ya pili, inayofuata herufi STF, ni ndogo mno, kama 350 daN. Dekanewtoni moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. LC ni uwezo wa mkanda unapovutwa moja kwa moja. STF ni mkazo unaobaki ndani ya mkanda baada ya mtu kukaza racheti kwa mkono wake, kwa nguvu ya kawaida ya dekanewtoni 50. Ukiurusha mkanda juu ya mzigo, unachopata ni ile namba ndogo. Namba kubwa inakuambia tu kwamba mkanda uko mbali na kukatika.

Mkanda unaopita juu una miguu miwili, mmoja kila upande. Kila mguu ukivuta chini kwa 350, jumla ni 700. Zidisha kwa msuguano wa 0.4: kila mkanda unakupa ushikaji wa 280. Kuziba pengo la 4,000 unahitaji mikanda 15. Na hiyo ni hesabu ya ukarimu, kwa sababu mguu ulio upande wa pili wa racheti hupata mkazo mdogo zaidi: kona za mzigo zinaula njiani.

Ni nani anayefunga mikanda 15 kwenye tani 10? Wengi hufunga minne au mitano wakaondoka, na siku nyingi hufika salama kwa kuwa siku nyingi hakuna breki ya ghafla.

Lakini hebu tuweke mkeka wa raba chini ya makasha yaleyale. Msuguano unapanda hadi 0.6. Uzito peke yake sasa unashika tani 6, pengo limekuwa tani 2, na kila mkanda badala ya 280 unatoa 420. Mikanda 15 imegeuka 5. Vipande vya raba vinene vya milimita chache vimefanya kazi ya mikanda kumi. Kama kuna jambo moja ningependa kila dereva alichukue hapa, ni kubeba mikeka ya raba kwenye sanduku la vifaa, na kuiweka kabla foklifti, mashine ya uma ya kuinulia mizigo, haijashusha mzigo, maana baadaye haiwekeki.

Njia nyingine ya kuziba pengo la mbele ni kusukuma mzigo mpaka uguse ukuta wa mbele wa bodi, kama ukuta huo una nguvu ya kutosha, au kuuzuia kwa magogo na kabari zilizopigwa imara. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mzigo na ukuta ni hatari kuliko inavyoonekana. Mzigo ukianza kuteleza unafika ukutani ukiwa tayari na mwendo, na ukuta uliotengenezwa kuegemewa si ule wa kugongwa.

Mtu mwerevu atauliza: kwa raba ya 0.6, upande wa kando unaohitaji asilimia 50 umeshatosha bila mkanda hata mmoja, sivyo? Kwenye karatasi, ndiyo. Barabarani bodi inaruka. Kila inapoingia shimoni na kutoka, mzigo unakuwa mwepesi kwa nukta ya sekunde, na msuguano unakwenda na uzito. Mzigo mrefu unaweza pia kupinduka bila kuteleza hata kidogo. Kwa hiyo mkanda unabaki.

Pembe, kona na mnyororo

Mkanda unakandamiza vizuri ukishuka wima. Ukiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka sakafuni, unabaki na asilimia 87 ya nguvu yake ya kukandamiza. Kwa nyuzi 45, asilimia 71. Kwa nyuzi 30, nusu tu. Ndiyo maana rundo fupi la mabati au vyuma bapa ni gumu kufunga kuliko kasha refu. Mkanda unalala karibu sambamba na sakafu, unaonekana umekaza hadi unalia, na haukandamizi chochote. Weka boriti za mbao juu ya rundo zilipandishe, au achana na kukandamiza utumie njia ya pili.

Njia ya pili ni kuvuta moja kwa moja: kulabu kwenye pete ya mzigo wenyewe, ncha nyingine kwenye pete ya bodi. Hapa ile namba kubwa ya LC ndiyo inayofanya kazi. Mnyororo wa daraja la 8 wenye unene wa milimita 10 una LC ya 6,300 daN, na zote ni zako. Ndiyo njia ya mitambo. Kwa mashine nzito inayotembea kwa magurudumu au kwa minyororo, inayozidi tani 4.5 hivi, kanuni za Marekani zinataka vifungo (mikanda au minyororo ya kufungia) visivyopungua vinne, na ndoo au mkono wa mtambo ushushwe na kufungwa peke yake. Viwili vivute mbele, viwili vivute nyuma. Minyororo yote minne ikielekea upande mmoja, umefunga nusu ya kazi.

Marekani ina pia kanuni ya idadi inayosaidia kama kiwango cha chini hata kwa asiyefanya kazi huko. Mzigo usiozuiliwa mbele upate vifungo viwili kwa mita tatu za kwanza, kisha kimoja kwa kila mita tatu zinazofuata au sehemu yake. Mabomba ya mita 12 yanahitaji vitano. Na jumla ya uwezo wa vifungo isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Usiichukue kanuni hii kuwa lengo. Tumeshaona kwenye hesabu ya raba jinsi idadi peke yake inavyodanganya.

Racheti ina mambo yake. Mkanda uzunguke mhimili angalau mara moja na nusu, la sivyo utateleza. Ukizidi mizunguko mitatu, unajazana na racheti haifungi sawasawa. Panga racheti kwa kupishana, moja kushoto, inayofuata kulia, ili ule upungufu wa mkazo upande wa pili usiangukie upande mmoja wa lori. Weka vilinda kona kila mkanda unapopinda. Watu wanajua vinazuia mkanda usikatwe. Wasichojua wengi ni kwamba vinauacha mkanda uteleze juu ya kona, mkazo ukafika upande wa pili. Na mkanda uliokatika usiufunge fundo. Fundo hujikata lenyewe.

Halafu usiuamini mzigo uliofungwa asubuhi. Mbao zinakaa, magunia yanashindiliana, makasha yanajipanga upya. Mzigo ukishuka sentimita moja, sehemu kubwa ya mkazo imeondoka, na kwa mnyororo, ambao haunyumbuki kama poliesta, hata chini ya hapo. Kule Marekani dereva anatakiwa kukagua ndani ya kilomita 80 za kwanza, kisha kila baada ya saa tatu au kilomita 240, chochote kinachotangulia. Ukisimama, usiangalie kwa macho peke yake. Piga mkanda kwa ubavu wa kiganja. Uliokaza unarudisha mlio kama ngoma na kiganja kinadunda. Uliolegea unameza pigo, na unauona ukitikisika polepole hadi kwenye kulabu. Baada ya safari chache sikio linajua kabla ya mkono.

Kupanda

Kanuni ya kwanza ya kupanda shehena ni kutafuta njia ya kutopanda. Mikanda mingi inaweza kurushwa ukiwa chini. Vilinda kona vinaweza kusogezwa kwa mti mrefu. Hesabu ya vifurushi inaweza kufanywa wakati wa kupakia, foklifti ikiwa bado na mzigo chini. Kila mara unayoepuka kupanda ni mara mbili za kuepuka kuanguka, kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza zaidi.

Bodi yenyewe iko karibu mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, na watu wanaidharau kwa sababu ni kimo cha kifua. Ukianguka kutoka mita 1.4 unafika chini kwa mwendo wa kilomita 19 kwa saa. Kutoka mita 3 ni karibu 28, kutoka mita 4 ni 32. Hakuna anayekubali kugongwa kichwani na kitu kinachokwenda kilomita 19 kwa saa, lakini tunaruka kutoka kwenye bodi kila siku na kuiita kushuka. Magoti yanatunza hesabu hiyo hata siku ambazo hukuanguka.

Panda na ushuke ukiitazama bodi, kama unavyoitazama ngazi. Wakati wote viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Maana yake huwezi kupanda na racheti mkononi. Itangulize juu ya bodi kwanza. Tairi si ngazi. Raba yake ni ya mviringo, ina tope na unyevu, na mguu unakanyaga mahali padogo kuliko unavyodhani. Kamba na mikanda ya mzigo nayo si ya kushikilia, hata ikionekana imara. Umeifunga kukandamiza shehena, na uzito wako unaivuta upande ambao haikupangiwa. Kama bodi haina ngazi yake, beba ngazi ya kuegemeza, iwe imetoka nje mita moja kwa kila mita nne za kimo, na ifungwe juu kabla hujaipanda mara ya pili.

Ukiwa juu, rudi kwenye msuguano. Mbao mbichi zenye umande, nailoni iliyofungia vifurushi, mabomba yenye mafuta ya kiwandani: hizi ni sakafu za msuguano mdogo kuliko zote ulizotembea siku hiyo, na hazina ukingo. Nailoni mpya yenye matone ya mvua ni mbaya mno. Futa soli kabla ya kupanda, si kwa ajili ya usafi. Tope kati ya soli na mzigo linafanya kazi ileile ya mchanga kati ya kasha na bodi. Usitembee juu ya vitu vya mviringo vilivyolala, mabomba au magogo, vikiwa havijafungwa. Bomba moja likizunguka robo duara chini ya mguu, mwili umeshaondoka.

Usikaze racheti ukiwa umesimama ukingoni. Racheti za mpini mrefu huvutwa kuelekea chini, na mtu huziegemea kwa uzito wote wa mwili. Jino likiteleza au mkanda ukikatika, uzito huo hauna pa kukaa isipokuwa hewani. Kaza ukiwa ardhini, na hata ardhini weka mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Turubai linastahili maneno yake peke yake. Turubai kubwa moja linaweza kuzidi kilo 40, na kulipandisha begani ni kupanda bila mikono. Foklifti ilipandishe. Kisha mtazame mtu anayelikunjua akiwa peke yake juu ya mbao: ameinama, macho kwenye mkunjo, anavuta na kurudi nyuma hatua moja, anavuta tena, anarudi. Kisigino kinapapasa mbao, kinaipata, kinashuka. Hatua inayofuata kinapapasa hewa, na yeye bado anaangalia turubai. Likunjue kwa kulisukuma mbele yako, ukitazama unakokwenda. Upepo ukianza kulijaza, liachie. Turubai lililotanda ni tanga, na hakuna mkono unaoshindana na tanga. Tena likishatanda linaficha mapengo kati ya vifurushi. Kabla ya kulifunika, jua mapengo yako wapi, na ukishalifunika usitembee juu yake kana kwamba ni sakafu.

Kurusha na kufungua

Mkanda unarushwa kwa makubaliano ya sauti. Anayerusha anaita, "Natupa!" Anangoja. Upande wa pili utingo anasogea na kujibu, "Tupa!" Bila jibu, mkono haurushi. Rusha ncha laini iliyoviringishwa, kulabu ibaki kwako. Foklifti inapokuwa inapakia, asiwepo mtu juu ya bodi wala upande wa pili wa lori. Kifurushi kinachosukumwa upande huu kinaweza kukiangusha kilichoko upande ule, na mwendesha foklifti hamwoni mtu nyuma ya mzigo.

Kufungua kunahitaji tahadhari kuliko kufunga, na ndiyo kazi inayofanywa kwa haraka zaidi kwa kuwa watu wamechoka na wamefika. Mzigo uliosogea njiani unaweza kuwa umeulalia mkanda. Mkanda huo sasa, ule ambao nilisema haushiki mzigo, ndio peke yake unaoushika, na wewe umesimama chini yake na mkono kwenye racheti. Zunguka lori lote kwanza. Tazama kama mstari wa mzigo ni wima pande zote mbili, kama kuna mkanda mmoja uliokaza kuliko wenzake, kama nguzo za kando zimepinda. Ukiona mojawapo, usiguse racheti mpaka foklifti iegemeze uma wake upande mzigo unakolalia. Mabomba na magogo yatendee hivyo hata yakionekana yametulia.

Kwa minyororo, kifungio cha mkono kinachofyatuka, kile cha kukazia mnyororo kwa mpini, kimevunja taya na vidole vingi. Usikiongezee bomba ili kupata nguvu. Nguvu unayoongeza wakati wa kufunga inakurudia wakati wa kufungua. Kifungio cha racheti ni cha polepole, na hapa upole ni faida.

Ukishamaliza, viringisha mikanda huku ukiipitisha vidoleni. Tafuta mkato ukingoni, sehemu iliyoungua, lebo isiyosomeka. Wenye kasoro usiutupe pembeni ya yadi ukiwa mzima. Ukate katikati kwa kisu, vipande viwili, ili asije mwenzako akauokota kesho na kuurudisha kwenye sanduku.